Mkwezi Si Kibarua

Mgeni anayefika Kaloleni au Rabai, pwani ya Kenya, kwa mara ya kwanza, akapita saa nne asubuhi na kukuta wanaume wameketi kivulini na kibuyu cha tembo la mnazi kati yao, huwa amekwisha kutoa hukumu kabla hajashuka garini: Wapwani ni wavivu, na mnazi ndio uliowaharibu. Hukumu hiyo imerudiwa sana hata baadhi yetu tumeikubali, tukawa tunawatisha nayo watoto wetu ili wasije wakakwea. Lakini anayehukumu saa nne hakuwapo alfajiri. Mgema huwa mtini kabla jua halijatoka, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, na akishuka mnazi huu hukwea ule, mpaka aimalize yote aliyopatana na wenyewe. Mchana atarudi juu, na jioni tena, kwa sababu karara, shada changa la maua ya mnazi, likishafungwa halingoji mtu: ncha yake sharti ipunguzwe kidogo kila mara kwa mkono mwepesi, la sivyo kidonda hukauka, tembo hukoma kutiririka na karara zima hupotea bure. Kazi hiyo haina Jumapili wala sikukuu. Saa nne ambayo mgeni anaiita uvivu ndiyo mapumziko ya mtu ambaye zamu yake ya kwanza imekwisha.

Tuhuma ya uvivu ina historia yake huku, na ni vema ikumbukwe ilianzia wapi. Mwaka 1912 serikali ya Waingereza ilimpeleka Arthur Champion kwa Wagiriama, akusanye kodi na kupata vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wazungu na katika mji wa Mombasa. Vijana hawakwenda. Mtu mwenye mahindi yake ghalani na minazi yake uani hakuona sababu ya kumwachia mgeni mgongo wake kwa ujira wa mwezi. Mwaka uliofuata mwanamke wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza, alizunguka akiwalisha watu kiapo wasitoe wana wao, na Agosti 1914 Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa na Waingereza kwa baruti. Katika mvutano huo ndipo lawama ya uvivu ilipokomaa, ikitoka kwa watu waliohitaji vibarua na kuwakosa. Mimi nashikilia kwamba lawama ile ilikosea tangu mwanzo, na ingali inakosea. Mkwezi wa nazi na mgema wa tembo ni mafundi waliojiajiri wenyewe karne nyingi kabla ya serikali zetu kuanza kuwahubiria vijana habari za kujiajiri. Na kama ufundi wao unakufa leo, haufi kwa sababu vijana wameogopa kazi. Unakufa kwa sababu desturi zilizomlinda fundi zimebomolewa, akabaki na urefu wa mti na hatari yake tu.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana wengi huutazama kutoka chini na kudhani ni nguvu za miguu. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki, ambao ndio ulioenea kutoka Lamu hadi Mtwara, hupita mita 20. Mkwezi huupanda kwa vidato vilivyochanjwa shinani hadi kileleni, au kwa kitanzi cha kamba miguuni pale ambapo mwenye mti hataki shina lake lijeruhiwe. Anajua kwamba kuti kavu halishikwi, hata mtu awe anateleza, kwa kuwa hung'oka na kuja naye. Anajua shina lililonyeshewa, na anajua la kungoja likauke. Akifika juu hatikisi ovyo. Kwenye mnazi mmoja pana kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa wakati mmoja, kwa kuwa mnazi huzaa mwaka mzima, na tangu ua hadi nazi kukomaa hupita takriban miezi 12. Anayeangua lazima atofautishe kwa jicho, na panapotatiza agonge kwa kidole na kusikiliza. Akiangusha koroma mahali pa nazi amemwibia mwenye mti miezi kadhaa, na mwenye mti ataona, kwa sababu nazi changa haitoi tui la maana.

Na kazi haiishii kwenye kuangua. Akiwa juu, mkwezi mzuri huusafisha mti: huondoa makuti yaliyokufa na makarara makavu, hutazama kama chonga ametoboa kwenye kilele, na akimkuta humchokonoa kwa waya mpaka atoke, kwa maana chonga akila moyo wa mnazi mti hauponi. Hapo pia ndipo elimu yake inapojulikana kwa jinsi anavyoishi na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wanauma vibaya, na mkwezi asiyejua huwachoma moto au kudai wapuliziwe dawa. Mjuzi huwavumilia. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, alichunguza jambo hilo huko Zanzibar akathibitisha kwamba majimoto humfukuza mdudu mfyonzaji anayepukutisha vidaka kabla ya wakati. Mdudu huyo leo ana jina la kisayansi lililotokana na jina la Way. Wazee wa ukwezi walikuwa wakiona kwa macho kwamba mti wenye majimoto huzaa. Mtu anayepanda mti, akaupogoa, akaukagua ugonjwa na wadudu, akashuka na taarifa ya hali yake, anaitwaje? Katika nchi nyingine angeitwa mtaalamu wa tiba ya miti, angekuwa na cheti ukutani, na ada yake isingepunguzwa kwa kubembelezana. Huku tunamwita kijana, hata akiwa na wajukuu.

Lakini jambo ninalolipenda kuliko yote katika maisha haya ni mapatano, na ndilo ninalolililia. Kwa mila ya pwani, mwenye ardhi na mwenye mnazi si lazima wawe mtu mmoja. Mtu aliweza kuuza shamba akabakiza minazi, au kuweka minazi rehani huku akiendelea kulima chini yake. Mgema akaja akawa wa tatu, asiye na ardhi wala mti, mwenye mikono na kotama tu, naye akawa na haki yake inayojulikana. Sehemu nyingi za Kilifi mgao wao ni wa siku: siku kadhaa tembo ni la mgema, siku kadhaa ni la mwenye mnazi, na hakuna anayegusa siku ya mwenzake. Ukitazama vizuri utaona kwamba huo si ujira hata kidogo, ni ubia. Mgema akigema vizuri siku zake, lazima na siku za mwenzake mti utoe vizuri, kwa sababu karara ni lile lile na kidonda ni kile kile. Uaminifu umefungwa ndani ya kazi yenyewe. Tuna methali inayosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tumemhukumu mtu huyu kwa methali hiyo vizazi na vizazi, ilhali mgao wa siku ulitungwa na watu waliojua kwamba fundi aliye mbia hana haja ya kutia maji.

Na mapatano hayo hayakuandikwa, yalishuhudiwa. Wazee waliitwa, kadzama, yaani tembo la kuwapa wazee, ikaletwa, ikanywewa mbele ya pande zote mbili, na waliokunywa wakawa mashahidi ambao hawangeweza kesho kusema hawakuwapo. Mwanaanthropolojia David Parkin aliishi na Wagiriama wa Kaloleni, akaandika kitabu kuhusu minazi, tembo na mashahidi kilichotoka mwaka 1972. Alionyesha jinsi ushahidi wa wazee ulivyokuwa nguzo ya biashara nzima ya minazi na mashamba, na jinsi wafanyabiashara vijana waliokuwa wakipanuka walivyolazimika kuwaheshimu wazee maskini kwa sababu kumbukumbu yao ndiyo iliyokuwa hati. Ndiyo maana naudhika nikisikia kadzama ikiitwa hongo ya pombe. Ilikuwa ofisi ya msajili, yenye adabu zake na gharama ambayo hata maskini aliimudu.

Adabu zilimfunga mkwezi pia. Kutoka kilele cha mnazi ua wa kila jirani uko wazi, na katika miji ya Waswahili ua ndio mahali mwanamke anapokuwa huru na nguo zake. Kwa hiyo adabu humtaka mkwezi abishe hodi kwa sauti kabla mguu wake haujagusa kidato cha kwanza, angojee, kisha akwee. Mkwezi ni mtu anayeaminiwa macho yake. Heshima hiyo haikutolewa kwa kila mtu, na ilipotea kwa kosa moja.

Yapo mengine katika mila hii nisiyoyatetea. Fingo la kuulinda mti dhidi ya mwizi, mwiko unaomkataza mwanamke kukwea, na mazishi yanayomalizia ukoo akiba yake kwenye vibuyu, hayo yakienda na yaende.

Sasa pingamizi. La kwanza na zito ni ulevi. Jirani yangu Mwislamu atasema kwamba kazi ya mgema ni haramu toka mwanzo, na kwa dini yake yuko sawa. Sina hoja ya kumpinga hapo. Namwomba tu akumbuke kwamba mkwezi anayemwangulia nazi za wali ni fundi wa mti ule ule, na anateseka kwa dharau ile ile. Kwa wanaosema kwamba tembo limeharibu vijana, nauliza ni tembo lipi. Lililogemwa alfajiri ni tamu. Huchacha kadiri saa zinavyokwenda, na siku chache baadaye ni siki. Halivumilii kuhifadhiwa wala kusafirishwa mbali, kwa hiyo lilinywewa karibu na mti wake, kati ya watu wanaojuana, na mzee mmoja kwenye kikao alitosha kumwambia mtu basi. Ulevi unaotutisha leo ni wa vinywaji vikali vya kificho vilivyochukua nafasi hiyo, na havina mzee.

Pingamizi la pili ni kwamba karara likigemwa halizai nazi, kwa hiyo mgema anakula mbegu ya nchi. Ni kweli halizai. Lakini mnazi hutoa karara jipya karibu kila mwezi, na mti uliopumzishwa hurudia kuzaa. Mwenye minazi kumi huangua kila baada ya miezi miwili mitatu, na kati ya maangulio hana senti. Tembo ndilo humpa fedha ya kila siku. Kugawa minazi yake, mingine ya nazi na mingine ya kugema, ni hesabu ya mkulima mwenye akili. Anayemwambia aache kwanza amwonyeshe ada ya shule itatoka wapi.

La tatu ni hatari, na wanaolitoa hutuambia tupande minazi mifupi ili ukwezi ufe kwa amani. Mifupi huwahi kuzaa, sikatai, na ipandwe. Lakini mirefu bado ndiyo iliyojaa pwani nzima, itaishi miongo mingi ijayo, na lazima mtu aikwee. Kama ni hatari, jibu la jamii yenye akili kwa kazi ya hatari na ya lazima ni kumkinga anayeifanya. Kerala, nchini India, waliliona hilo mapema. Tangu mwaka 1969 wana sheria ya mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa tembo. Walipoishiwa wakwezi, mwaka 2011 Bodi ya Maendeleo ya Nazi ya India ilianza kuwafundisha vijana, wake kwa waume, kukwea kwa vifaa vya kisasa, ikawapa na bima. Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Zanzibar, shirika la serikali linalonunua karafuu limewahi kutoa fidia kwa wachumaji walioanguka kutoka mikarafuu. Mkarafuu una mlinzi kwa sababu serikali inauza karafuu. Mkwezi wa nazi akianguka, majirani huchangishana nauli ya hospitali, na familia hubaki na kotama.

Kinachoondoka kwa kweli ni ubia. Mwenye minazi sasa yuko Mombasa au Nairobi na hukubaliana na dalali kwa simu. Dalali huja na lori, humlipa mkwezi kwa mti, fedha kidogo iliyopangwa na dalali mwenyewe, na mti ukiwa mchafu au mgonjwa si shauri lake. Hoteli za ufukweni humwita aangue nazi zisije zikawaangukia watalii, na hapo pia hulipwa kwa idadi, bila mapatano ya kesho. Hati ya kiwanja huandika jina la mwenye ardhi, haina mahali pa kumwandika mwenye mnazi, sembuse mgema. Mtu aliyekuwa na siku zake, mashahidi wake na sauti yake amefanywa kibarua wa saa moja. Kisha tunashangaa mwanawe amenunua bodaboda. Bodaboda nayo huua, lakini aliye juu yake hujiona mwenye mali, na hilo ndilo ambalo ukwezi ulimpa baba yake na haumpi tena yeye.

Serikali za kaunti za Kilifi na Kwale zinaweza kumsajili mkwezi kama fundi na kumwekea bima. Jambo hilo haligharimu jengo wala semina. Lakini wewe mwenye minazi huna haja ya kuingoja kaunti. Mwite mkwezi wako, kaa naye chini, mpatane mgao mbele ya watu wawili watatu, umlipe pia kwa usafi wa mti na si kwa nazi zilizoanguka tu. Na siku akianguka, gharama ya matibabu iwe yako.