Skrubu iliyolegea: Funzo kwa wanunuzi wa vipakatalishi vipya

Na MWANDISHI WETU

MDHARAU mwiba mguu huota tende, walinena wahenga. Mwezi Februari mwaka wa 2018, kampuni ya Lenovo iliionja maana ya methali hiyo ilipolazimika kuwataka wateja wake waache mara moja kutumia baadhi ya vipakatalishi aina ya ThinkPad X1 Carbon vya kizazi cha tano. Sababu haikuwa virusi wala programu mbovu. Ilikuwa ni skrubu moja ndogo ambayo huenda haikukazwa kiwandani.

Wito huo, uliotangazwa kupitia tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, ulihusu takriban mashine 78,000 zilizouzwa nchini humo, pamoja na nyingine zipatazo 5,500 nchini Kanada. Zote ziliundwa kati ya Desemba 2016 na Oktoba 2017. Skrubu iliyoachwa ikiwa imelegea ingeweza kuiharibu betri, betri ikapata joto kupita kiasi na hatimaye moto ukazuka. Kufikia siku ya tangazo, kampuni ilikuwa imepokea ripoti tatu za mashine zilizopata joto na kuharibika. Hakuna aliyeripotiwa kujeruhiwa.

Mashine hiyo haikuwa ya bei ya kutupa. Iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani, na ilibuniwa kwa ajili ya mameneja, mawakili na wahasibu ambao kazi yao haiwezi kusimama hata kwa siku moja. Uzani wake ulikuwa takriban kilo 1.13, na jina la ThinkPad lilikuwa limesifika kwa uimara tangu IBM ilipolizindua mwaka wa 1992, kabla ya Lenovo kukinunua kitengo hicho mwaka wa 2005.

Basi ilikuwaje mashine ya hadhi hiyo ikatoka kiwandani na skrubu isiyokazwa? Jibu ni kwamba ubora wa muundo ni jambo moja, na ubora wa uundaji ni jambo jingine kabisa. Mhandisi anaweza kuchora mashine isiyo na dosari, lakini mnunuzi hanunui mchoro. Hununua mashine moja, iliyopitia mikononi mwa watu na mitambo mingi, na yoyote kati yao anaweza kukosea.

Kasoro za aina tatu

Matatizo ya mashine mpya yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu, na ni muhimu mnunuzi ayatofautishe kwa sababu kila moja lina dawa yake.

Fungu la kwanza ni kasoro za kuunganisha sehemu. Hapa ndipo skrubu ya Lenovo inapoangukia. Muundo ni mzuri na sehemu zenyewe ni nzima, ila fundi au mtambo ulikosea wakati wa kuziweka pamoja. Dalili zake ni kama vile bawaba zinazokwaruza, kifuniko kisichofunga sawasawa, au pengo upande mmja wa umbo la nje ambalo upande wa pili halipo. Kasoro hizi hupata mashine chache katika kundi kubwa. Kwa hivyo, mteja akibadilishiwa mashine, yamkini tatizo litakwisha.

Fungu la pili ni kasoro za sehemu zinazonunuliwa kwingine. Kampuni inayoweka jina lake juu ya kifuniko mara nyingi haitengenezi betri, kioo wala kibodi. Mwaka wa 2006 ulimwengu ulishuhudia athari za mtindo huu pale chembechembe ndogo za chuma zilipopatikana ndani ya betri zilizoundwa na Sony. Mwezi Agosti, Dell iliagiza kurejeshwa kwa betri milioni 4.1. Mwezi uliofuata, Lenovo na IBM nazo zikaagiza kurejeshwa kwa betri 526,000. Sony ilikadiria kwamba betri zote zilizohusika zingefikia takriban milioni 9.6. Kosa moja katika kiwanda kimoja likawa balaa kwa kampuni zilizokuwa zikishindana sokoni.

Fungu la tatu ni kasoro za muundo wenyewe. Mwaka wa 2015, kampuni ya Apple ilianza kutumia kibodi nyembamba mno ambayo vibonyezo vyake vilikuwa na nafasi finyu ya kushuka na kupanda. Punje ya vumbi ikipenya, kibonyezo kiligoma au kiliandika herufi moja mara mbili. Juni 2018 kampuni hiyo ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo, na kuanzia Novemba 2019 ikaanza kurejelea muundo wa awali katika mashine zake mpya. Mwaka wa 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi iliyowasilishwa na wateja nchini Marekani. Katika hali kama hii, kubadilishiwa mashine kwa nyingine ya aina iyo hiyo hakusaidii, kwani ya pili ina ugonjwa ule ule wa ya kwanza. Afadhali mteja adai fedha zake au achukue mashine ya aina nyingine.

Wembamba na gharama yake

Hatari ya skrubu iliyolegea haiwezi kueleweka bila kufahamu jinsi betri inavyofanya kazi. Ndani ya betri ya lithiamu mna tabaka mbili zinazobeba umeme, na kati yake kuna utando mwembamba kuliko unywele wa binadamu. Utando huo ukitobolewa au ukifinywa sana, tabaka hizo hugusana, umeme hupita kwa njia ya mkato na joto hupanda. Joto hilo huamsha kemikali nyingine zinazozidisha joto, na kwa kuwa maji ya kemikali yaliyomo hushika moto kwa urahisi, hali huweza kuwa mbaya kwa muda mfupi.

Zamani, betri nyingi za vipakatalishi zilikuwa na seli za mviringo zilizofunikwa kwa chuma, na mteja angeweza kuichomoa betri kwa vidole. Ndiyo maana mwaka wa 2006 wateja wa Dell walihitaji tu kutumiwa betri nyingine. Tamaa ya mashine nyembamba ilibadilisha mambo. Siku hizi seli nyingi hufungwa katika mifuko laini na kufichwa ndani ya mashine. Januari 2018, mwezi mmoja tu kabla ya tangazo la Lenovo, kampuni ya HP iliagiza kurejeshwa kwa betri zipatazo 50,000 nchini Marekani. Kwa kuwa betri hizo zilikuwa ndani kabisa na mteja hangeweza kuzitoa mwenyewe, HP ililazimika kusambaza programu ya kuzizima hadi fundi atakapofika.

Kuna wauzaji wanaojigamba kwamba mashine zao zimefuzu majaribio ya kijeshi. Wanachokirejelea ni kiwango cha MIL-STD-810 cha jeshi la Marekani, chenye majaribio ya mtikisiko, joto, unyevu na vumbi. Majaribio hayo yana manufaa, lakini yafaa mnunuzi ajue mipaka yake. Kampuni huchagua yenyewe ni majaribio yapi itakayoyafanya, na huyafanyia mashine chache za mfano. Ile iliyo mikononi mwa mteja haikuangushwa wala kutikiswa na yeyote. Majaribio hayo hupima muundo. Hayasemi lolote kuhusu skrubu zake.

Siku za kwanza

Wahandisi wa uimara wa vifaa huufananisha mstari wa kuharibika kwa mashine na umbo la karai. Mwanzoni mstari uko juu kwa sababu zile zilizoundwa vibaya hujitokeza mapema, kisha hushuka na kutulia kwa muda mrefu, halafu hupanda tena uzee unapoingia. Hii ina maana kwamba majuma ya kwanza ndiyo ya ukaguzi, wala si ya kungojea.

Mnunuzi na aiweke mashine juu ya meza iliyo sawa aone kama inayumba. Aigeuze na kuhakikisha kwamba skrubu zote za chini zipo. Afungue na kufunga kifuniko taratibu huku akisikiliza. Abonyeze kila kibonyezo, achomeke kifaa katika kila tundu, na aiwashe skrini ikiwa nyeupe kisha nyeusi ili atambue madoa. Aijaze betri chaji na kuiacha itumike hadi chini angalau mara moja. Akiona sehemu ya kibodi imefura, au kifuniko hakifungi kama awali, huenda betri imevimba: aizime mashine, aache kuichaji, na aipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa. Katu asiifungue mwenyewe.

Kwa Wakenya, lipo jambo jingine la kuzingatia. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa hapa nchini vilitumika kwanza ughaibuni, na wito wa kurejesha mashine hauandikwi mgongoni mwake. Mashine iliyopaswa kukaguliwa Marekani inaweza kuuzwa, kusafirishwa na kuuzwa tena bila skrubu yake kuguswa. Kabla ya kulipa, mnunuzi aichukue nambari ya utambulisho iliyo chini ya mashine na kuitafuta katika tovuti ya kampuni iliyoiunda.

Sheria nayo haijamwacha mnunuzi pekee. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inaitilia nguvu haki hiyo. Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Risiti ihifadhiwe, kasoro ipigwe picha siku ile ile inapoonekana, na malalamiko yawasilishwe kwa maandishi kabla ya muda wa dhamana kuisha. Muuzaji anayeambiwa kwa mdomo husahau upesi, lakini barua yenye tarehe ni vigumu kuikana.