KABLA YA KUMBEBA, MKAGUE



Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya jiji la Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu walijeruhiwa. Majeruhi wengi hawakuona ambulensi. Walibebwa mikononi, wakatiwa kwenye matatu, pikapu na magari ya watu binafsi. Huruma haikukosekana siku ile. Kilichopungua ni watu waliofundishwa kukagua majeruhi papo hapo na kusema: huyu aende kwanza, huyu afungwe jeraha kwanza, huyu anaweza kungoja.

Tarehe 21 Septemba 2013 jumba la maduka la Westgate, kule Westlands, lilishambuliwa na watu 67 wakauawa. Hapo pia wahudumu wa ambulensi na watu wa kujitolea walihitajika kuwatibu majeruhi nje ya jumba. Basi tujiulize: wahudumu hawa wa dharura hufundishwa nini, na sisi vijijini tunaweza kujifunza nini kwao?

Kazi yao ni ipi?

Mhudumu wa dharura si daktari. Kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kwa daktari akiwa hai. Anasoma darasani, anafanya mazoezi kwa wenzake, kisha anafuata ambulensi na kuingia hospitali pamoja na wenye ujuzi. Jambo kubwa analojifunza ni utaratibu. Anaanza na kile kinachoua upesi, hata kama jeraha lingine linatisha zaidi kwa macho.

Hebu tuchukue mfano. Bodaboda imegongwa pale Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Dereva amelala chini, watu wamejaa, kila mtu anapiga kelele: "Mbebeni! Mbebeni!" Mhudumu anafanya hivi:

1. Anaangalia mahali. Je, magari yamesimamishwa? Kuna moto au nyaya za umeme? Mwokoaji akigongwa, wagonjwa wanakuwa wawili. Anavaa glavu.

2. Anatafuta damu inayobubujika. Akiiona, anabonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi wala haachilii.

3. Anamwita na kumgusa bega. Anajibu? Anasikia maumivu tu? Au hajitambui kabisa?

4. Anafungua njia ya hewa. Akishuku shingo imeumia, mtu mmoja anashika kichwa kisitikisike, naye anasukuma taya mbele pole pole bila kukunja shingo.

5. Anahesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ikiwa hajitambui na hapumui sawasawa, anabonyeza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

6. Anapima mpigo wa moyo na kugusa ngozi. Ngozi baridi yenye jasho na mpigo wa mbio huonyesha kwamba huenda damu inapotea ndani, hata kama nje hamwoni kitu.

7. Anakagua mwili mzima toka kichwani hadi miguuni. Anauliza: unaumwa wapi? Unatumia dawa gani? Dawa gani inakudhuru? Umekula saa ngapi? Majibu anayaandika na kuyakabidhi hospitalini.

Akimaliza, anarudia tena njiani. Anayeongea sasa anaweza kuzimia baada ya dakika kumi.

Sasa fikirieni dereva yule angenyanyuliwa mikono na miguu, akakunjwa juu ya pikipiki nyingine. Kama mfupa wa shingo umevunjika, kule kunyanyuliwa tu kunaweza kumpoozesha maisha yake yote. Msimhamishe ila kuna hatari kubwa zaidi, kama moto.

Kikundi kifanye nini?

- Chagueni wanachama wawili au zaidi wakafundishwe huduma ya kwanza. St John Ambulance na Msalaba Mwekundu wa Kenya wanafundisha.
- Andikeni namba za dharura ukutani: 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.
- Kubalianeni mapema ni gari la nani litatumika na mafuta yatatoka mfuko gani.
- Wekeni glavu, bendeji na machela mahali panapojulikana.
- Msimpe maji wala chakula mtu asiyejitambua.

Jueni pia haki yenu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Wengi wetu tunakumbuka habari za Msamaria Mwema. Alifunga majeraha kwanza, ndipo akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake. Sisi mara nyingi tunageuza mambo: tunapandisha kwanza.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Ajali ya mwisho kijijini kwetu, nani alimgusa mgonjwa kwanza, na alifanya nini?
2. Usiku wa manane, tutampigia nani simu?
3. Ni nani kati yetu yuko tayari kwenda kufundishwa?