Magongo matopeni: marafiki wa wodini ndani ya msitu wa Rau

Dereva wa bodaboda akivunjika mguu, watu huulizia mguu, kisha pikipiki. Kijiwe hakuna anayekiulizia. Wiki za mwanzo wenzake humiminika wodini na juisi na machungwa, wanataniana mpaka nesi awafukuze. Mwezi wa pili anafika mmoja. Baadaye zinabaki simu, nazo zinapungua. Si ubaya, kila mmoja ana hesabu ya bosi ya kupeleka jioni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kuwajeruhi wengine kati ya milioni 20 na 50. Hao wa pili sisi waandishi tunawamaliza kwa sentensi moja: majeruhi wanaendelea kupatiwa matibabu. Wanaendelea vipi, na nani, mpaka lini, hilo halina ukurasa.

Nami nililazwa Moshi, ndiyo maana nimepata la kuandika. Vitanda vya jirani zangu vilikuwa na fundi ujenzi aliyegongwa akivuka barabara, kijana wa bodaboda mwenye antena (vyuma vya nje vya kushikilia mfupa) kwenye ugoko, na mzee wa Kibosho ambaye wodi nzima ilimwita Meku. Mtu ukivunjika, Moshi si mahali pabaya. Hospitali ya KCMC ipo tangu 1971, na hapo hapo kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, kilichoanza 1981 na kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mifupa inaungwa, misuli inanyooshwa. Kisha unaruhusiwa na kuambiwa: tembea.

Utembee wapi? Barabarani ndiko tulikotolewa kwa machela. Uani kwako unazunguka mpaka kuku wanakuzoea.

Fundi ndiye aliyetaja Rau. Ni msitu wa tambarare pembezoni mwa mji, wenye chemchemi na kivuli, mivule mikubwa na mbega wanaoruka juu kwa juu. Watalii hupitishwa kule kwa baiskeli wakielekea kwenye mashamba ya mpunga. Hakuna kilima cha kumwogopesha mtu wa magongo. Shida ilikuwa kufika. Kijana wetu, aliyekula maisha yake yote juu ya pikipiki, aligoma kupanda bodaboda hata kwa kubembelezwa. Tukachukua bajaji, na Meku akamwamuru dereva aende kama aliyebeba trei ya mayai. Lori lilipotupita, sote tulinyamaza.

Wenye antena hawaruhusiwi matopeni. Vile vyuma vimeingia mpaka kwenye mfupa, na uchafu ukipenya pembeni mwake, unarudi wodini na usaha. Kwa hiyo siku za mwanzo kijana alibaki ukingoni akilinda maandazi. Wengine tulikuwa na ruhusa ya daktari ya kukanyaga, kidogo kidogo.

Mita chache ndani tukakutana na mfereji. Upana wake mtoto angeuruka. Fundi akatanguliza gongo, likazama, likachomoka bila ule mpira wa chini. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshika mzizi, anatukana kwa heshima kwa sababu Meku yupo. Tulivuka kwa kushikana mashati, tukafika ng'ambo tukihema na kucheka kama tuliovuka mto Pangani. Safari iliyofuata alikuja amechonga vipande vya tairi kuukuu, vipana, akavipigilia chini ya magongo yetu yote. Magongo yakavaa katambuga.

Sakafu ya hospitali ni ile ile kila hatua. Msituni kila hatua ina neno lake: mzizi, jani bichi, tope. Kifundo cha mguu kinalazimika kufikiri upya, na akili inapata kazi nyingine badala ya kuhesabu hasara.

Kilichonivuta zaidi, hata hivyo, ni maongezi. Nyumbani kila anayeingia anakupa pole, nawe unalazimika kuipokea. Rau hapakuwa na pole. Meku alisema anaota honi. Fundi akasema yeye huota taa. Kijana alikaa kimya, halafu akauliza kama nasi tunashtuka mlango ukibamizwa. Mambo hayo hata mke wa kijana hajayasikia.

Siku moja niliwasimulia habari za Lai Chi-wai wa Hong Kong, bingwa wa kupanda miamba, ambaye ajali ya barabarani ya 2011 ilimpoozesha miguu. Mwaka 2016 alipanda mwamba wa Lion Rock akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akijivuta kwa kamba. Fundi aliuliza swali la kifundi: kamba alifungiwa na nani?

Sasa kijana ametolewa vyuma, na mpango ni vibanda vya Mandara, kwenye mlima Kilimanjaro: kilomita kama 8 kutoka geti la Marangu, mita 2,720 juu ya bahari. Kilele cha Uhuru, na mita zake 5,895, tumewaachia wenye haraka. Mimi naogopa kushuka kuliko kupanda, maana mteremko ndio unaolitesa goti. Tulimshauri Meku atungojee getini na mbege. Amekataa katakata. Ujanani alikuwa mpagazi njia hiyo hiyo, alibeba mizigo ya Wazungu mpaka Horombo, na safari hii, anasema, begi lake tutabeba sisi.