Data Zinatosha au Hazitoshi?

Maswali ya utoshelevu wa data ni alama ya GMAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vingi duniani kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili ya biashara. Toleo jipya lililoanza mwishoni mwa 2023 liliyaondoa katika sehemu ya hisabati na kuyaingiza katika sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 ya dakika 45. Ni dakika mbili na ushei kwa kila swali.

Swali huuliza jambo moja, kisha hufuatiwa na kauli mbili. Mtahiniwa hatakiwi kutoa jibu la swali lenyewe, bali kuamua kama kauli hizo zinatosha kulipata. Machaguo ni matano na hayabadiliki, kwa hiyo yakaririwe mapema: A, kauli ya kwanza peke yake inatosha, ya pili haitoshi, B, ya pili peke yake inatosha, ya kwanza haitoshi, C, zinatosha zikiunganishwa tu, D, kila moja inatosha peke yake, E, hata zikiunganishwa hazitoshi.

Chukua mfano huu. Daftari moja ni shilingi 700 na kalamu moja ni shilingi 300. Asha alinunua madaftari mangapi? Kauli ya (1): alitumia shilingi 2,300 kwa madaftari na kalamu tu. Kauli ya (2): alinunua vitu vitano kwa jumla, madaftari na kalamu.

Wengi huona vitu viwili visivyojulikana na milinganyo miwili, wakachagua C papo hapo. Wamekosa. Daftari haliuzwi nusu, wala kalamu. Daftari moja likitolewa, zinabaki shilingi 1,600, ambazo hazigawanyiki kwa 300. Madaftari matatu yanabakiza 200, na bila daftari lolote 2,300 nazo hazigawanyiki. Ni madaftari mawili pekee yanayokubali, pamoja na kalamu tatu. Kauli ya kwanza imejitosheleza. Ya pili, ikisimama peke yake, inaruhusu daftari moja na kalamu nne, au matatu na mbili. Jibu ni A. Mtego haukuwa katika hesabu bali katika sharti ambalo swali halikulitamka: idadi lazima iwe namba kamili.

Hapo ndipo penye kazi kubwa: kuusoma utangulizi kwa makini kabla ya kugusa kauli yoyote, na kujua kinachotafutwa ni namba ya aina gani. Kisha kauli ya kwanza ipimwe. Ikitosha, yamebaki A na D. Isipotosha, yamebaki B, C na E. Inapofika zamu ya pili, ya kwanza isahauliwe kabisa. Kosa la kubeba habari ya kauli moja na kuiingiza kimyakimya katika nyingine huwapotezea alama hata wanaojua hisabati vizuri.

Maswali ya ndiyo au hapana yana utata wake. Je, namba kamili n inagawanyika kwa 2? Kauli ikisema n ni namba tasa kubwa kuliko 2, jibu ni hapana daima, na kwa sababu hiyo kauli inatosha. Kisichotosha ni jibu linaloyumba, mara ndiyo, mara hapana. Njia ya haraka ya kulifichua ni kujaribu namba zinazosahaulika: sifuri, hasi na sehemu. Anayeambiwa kwamba x² = 9 akakumbuka 3 tu, ameiacha −3.

Kauli mbili za swali moja hazipingani kamwe. Zikionekana kupingana, mtahiniwa amekosea mahali na arudie hesabu yake. Kikokotoo kipo kwenye skrini katika sehemu hiyo, lakini maswali haya hukihitaji kwa nadra.