Kibali cha Maegesho kwa Mtu Mwenye Ulemavu Kakamega

Beji ya maegesho ya mtu mwenye ulemavu huwekwa kwenye kioo cha mbele cha gari, ili anayekagua magari ajue kwamba aliyemo hawezi kutembea mwendo mrefu kutoka gari lilikoachwa. Nchini Kenya beji hiyo haisimami peke yake. Nyuma yake kuna ripoti ya daktari, kadi ya ulemavu na sheria ya ada za kaunti, na kila kimoja hutoka mlango tofauti. Kwa hiyo anayetaka kuifanya upya mjini Kakamega hana budi kujua kwanza ni karatasi ipi iliyopitwa na wakati.

Mzizi wa yote ni ripoti ya daktari. Mwombaji hupimwa na jopo la wahudumu wa afya katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, nao huandika aina ya ulemavu, chanzo chake na kiwango chake. Wizara ya Afya ikishaidhinisha ripoti, mwombaji huandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na kupewa kadi. Siku hizi sehemu kubwa ya shughuli hii hufanywa kwenye mtandao wa eCitizen. Uandikishaji katika Baraza haulipiwi. Baraza lilianzishwa chini ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya 2025.

Kadi hiyo hufungua milango kadhaa, ila walio mbele ya milango hiyo hawafanani. Mwenye kipato huitumia kuomba msamaha wa kodi ya mapato kutoka Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kwa mujibu wa agizo la 2010, shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi hazikatwi kodi. Cheti cha msamaha huu kina tarehe ya mwisho. Mwajiri hawezi kuendelea kuacha kukata kodi kwa cheti kilichokwisha muda, hata kama hali ya mwenyewe haijabadilika hata kidogo.

Mlango wa pili ni Inua Jamii, mpango wa serikali unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa upande wa ulemavu, fedha hizo hulengwa kwa kaya maskini inayomtunza mtu mwenye ulemavu mkali, asiyeweza kujifanyia mambo bila msaada wa kila mara. Kwa kuwa umaskini wa kaya ni sehemu ya kigezo, mtu anaweza kuwa na kadi halali na bado asistahili malipo haya. Ndiyo maana kukatwa kwa malipo ya Inua Jamii hakumfutii mtu uandikishaji wake, wala anayetaka beji ya gari hahitaji kwanza kuwa mpokeaji wa fedha hizo.

Hapo ndipo Kenya inapotofautiana na Uingereza, nchi yenye mfumo wa beji tangu 1971. Huko beji ilikuwa ya rangi ya chungwa hadi 2000, ilipogeuzwa kuwa ya buluu. Kwa kawaida hudumu hadi miaka 3. Mtu anayelipwa posho ya ulemavu kwa sababu ya ugumu wa kutembea anaweza kupewa beji bila kupimwa tena, lakini posho ikiwa ya muda mfupi, beji nayo huisha pamoja nayo. Jambo jingine ni kwamba beji ya Uingereza ni ya mtu, haifungwi kwenye gari moja: asiye na gari huitumia katika gari la jirani au la ndugu anayempeleka hospitali.

Nchini Kenya, kutambua ulemavu ni kazi ya Baraza, ilhali maegesho ni mamlaka ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linataja barabara za kaunti, trafiki na maegesho miongoni mwa kazi za kaunti. Ada za maegesho Kakamega huwekwa na sheria ya fedha ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka kila msamaha wa ada ya kaunti uruhusiwe na sheria, na uandikwe katika rekodi ya umma pamoja na sababu yake. Mkusanya ada aliye barabarani basi hana uwezo wa kusamehe kwa huruma yake. Analoweza ni kutekeleza nafuu iliyokwisha kupitishwa.

Kwa hiyo mpango mzuri wa kufanya upya hufuata mzizi kwenda tawi. Kwanza hukaguliwa ripoti na kadi, na kuhakikishwa kwamba jina na namba ya kitambulisho vinalingana na hati ya umiliki wa gari. Kisha huombwa upya cheti cha kodi, kwa anayekihitaji, kabla tarehe haijapita. Beji ya gari hufuata, na ikiwa gari limebadilishwa, ofisi iliyotoa beji huarifiwa. Mwisho huulizwa ofisi ya mapato ya kaunti ni nafuu gani iliyomo katika sheria ya mwaka huo, kwa sababu iliyokuwepo mwaka jana inaweza kuwa imebadilishwa.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Katika maegesho, haki hiyo hupata uzito inapoandikwa katika mswada wa fedha, ambao bunge la kaunti hutakiwa kuupitisha ndani ya siku 90 baada ya kuidhinisha matumizi ya mwaka. Vikao vya maoni ya wananchi kuhusu mswada huo ndivyo mahali pa kudai nafasi zilizotengwa na ada iliyosamehewa.