Je, Ngozi ya Kiasia Inahitaji Vipodozi Vyake?

Muhula uliopita, baada ya kikao cha chama chetu, wanne kati yetu tuliingia duka la dawa karibu na chuo. Dada yetu kutoka Muscat alikuwa akitafuta kitu cha kuondoa madoa meusi aliyoachiwa na chunusi. Kaka yake alikuwa anaoa baada ya miezi miwili, na hakutaka kuingia kwenye picha za harusi na uso ule. Kwenye rafu akaona krimu ya "kung'arisha", iliyoandikwa kuwa imetengenezwa kwa ajili ya ngozi ya Kiasia. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya krimu za jirani.

"Hiyo ni yetu," alisema mwenzetu wa Kisumu, ambaye wazee wake walitoka Gujarat. "Hapa Uingereza ukisema Muasia, ni sisi." Mwenzetu Mjapani, anayesoma Kiswahili mwaka wa pili, akashangaa, kwa sababu msichana aliyechorwa kwenye boksi alifanana na watu wa kwao. Dada wa Muscat akacheka: "Oman iko Asia tangu dunia iumbwe, lakini kwenye fomu za hapa nina kisanduku changu cha Mwarabu." Mimi wa Tanga nikabaki mtazamaji. Tulitoka bila kununua kitu, na swali nikaondoka nalo: ipo kweli ngozi ya Kiasia?

Tuanze na ngozi yenyewe. Rangi yake hutokana hasa na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo kwenye tabaka la juu. Idadi ya seli hizo hukaribiana kwa watu wote, awe Mnorwe au Mmakonde. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini, pamoja na ukubwa na mpangilio wa vifuko vidogo vinavyoibeba.

Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, alibuni kipimo kinachogawa ngozi kwa namna inavyopokea jua: je, inaungua, au inakoza rangi? Mwanzoni kilikuwa na makundi 4, kwa ajili ya watu weupe. Kundi la 5 na la 6 yaliongezwa baadaye kwa ngozi za kahawia na nyeusi. Kipimo hicho kina kasoro zake, lakini hakimuulizi mtu amezaliwa bara gani. Mkorea wa Seoul anaweza kuwa kundi la 3, na Mtamil wa Chennai kundi la 5 au la 6. Wote wawili ni Waasia, ila kwa upande wa jua na madoa, huyo Mtamil yuko karibu zaidi na mimi kuliko na Mkorea.

Hata hivyo, wanaosema kwamba krimu moja haiwafai watu wote hawajakosea. Zipo tofauti tatu zenye maana.

Ya kwanza ni madoa. Ngozi yenye melanini nyingi ikipata chunusi, mchubuko au hata kuumwa na mbu, huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi. Mwanga wa jua hulikoza zaidi, na si mionzi isiyoonekana pekee: hata mwanga tunaouona kwa macho unaweza kuikoleza ngozi ya kahawia. Ndiyo maana madaktari huwashauri wenye madoa watumie losheni ya jua iliyotiwa rangi, yenye oksidi za chuma, kwa kuwa huzuia na mwanga huo.

Ya pili ni muonekano. Losheni nyingi za jua zenye zinki au titani humwacha mtu wa kahawia na uso wa kijivu, kama aliyepakwa majivu. Mtu akijiona hivyo kwenye kioo siku moja, kesho hapaki tena, na madoa yanaendelea.

Ya tatu ni rangi za vipodozi. Poda au fandesheni iliyotengenezwa kwa uso wa waridi haikai vizuri kwenye uso wenye umanjano. Wajapani waliliona hili mapema: mwaka 1917 kampuni ya Shiseido ya Tokyo ilitoa poda za uso za rangi 7, wakati poda nyeupe ndiyo iliyozoeleka.

Lakini tazama tena orodha hiyo. Hakuna hata moja iliyo ya Waasia peke yao. Madoa, uso wa majivu na fandesheni isiyolingana vinamsumbua pia Mnyarwanda, Mbrazili na mtu wa Tanga. Neno "Kiasia" kwenye boksi ni pana mno, maana linawafunga pamoja Mkorea na Mtamil, na wakati huohuo ni jembamba mno, maana linamwacha nje mwenye shida ileile.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba mara nyingi neno hilo huja na lile la pili, "kung'arisha". Mwaka uleule wa 1975, nchini India, ilianza kuuzwa krimu ya Fair & Lovely, iliyojenga biashara yake juu ya ahadi ya weupe. Neno "Fair" liliondolewa kwenye jina mwaka 2020. Na kutengenezwa na Waasia kwa ajili ya Waasia si kinga. Mwaka 2013 kampuni ya Kanebo ya Japani iliondoa sokoni bidhaa zake za kung'arisha zenye kemikali ya rododenoli, baada ya maelfu ya watumiaji kuota mabaka meupe usoni na mikononi. Wengi wao walikuwa Wajapani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna cha kuwacheka. Nyumbani tunauita mkorogo, na shangazi yangu aliutumia mpaka mashavu yakawa mekundu na hawezi kukaa juani dakika tano. Ndani ya krimu za namna hiyo hupatikana zebaki, inayodhuru figo, pamoja na haidrokwinoni na steroidi zinazopakwa bila daktari. Hapa Uingereza haidrokwinoni hairuhusiwi katika vipodozi vya kawaida vya ngozi. Huandikwa na daktari tu. Ukiiona kwenye krimu ya dukani, iache hapohapo.

Basi tununueje? Tujiulize maswali ya ngozi, si ya bara. Je, ngozi yangu huungua au hukoza? Huacha madoa? Ni kavu au ya mafuta? Niko katika hewa gani? Dada wa Muscat alipofika hapa, baridi ya Januari ilimkausha kuliko joto la kwao lilivyowahi kufanya. Kisha tusome nyuma ya boksi kabla ya mbele. Viambato visivyoorodheshwa vinatosha kuwa sababu ya kukataa.

Wiki iliyofuata dada yetu alikwenda kwa daktari. Aliandikiwa krimu ya asidi ya azelaiki na kuambiwa apake losheni ya jua yenye rangi kila asubuhi, hata siku za mawingu, na asitarajie miujiza kabla ya miezi mitatu. Harusi ilifika kabla ya miezi hiyo kutimia. Kwenye picha aliyotutumia madoa bado yanaonekana kidogo, naye amesimama kando ya kaka yake anacheka, mikono imejaa hina. Ile losheni ya jua tunaitumia sote wawili sasa. Rangi yake ilinikubali mimi wa Tanga kama ilivyomkubali yeye.