Kpandroma, Mji wa Mlima Ugawao Maji

Msafiri aondokaye Bunia na kushika njia ya kaskazini iendayo Mahagi huanza kupanda. Kila bonde hufuatwa na kilima kingine. Joto hupungua, na badala ya migomba huona majani mafupi ya malisho na safu za mikalitusi. Akiisha kwenda karibu kilometa 100 hufika Kpandroma, kituo cha biashara katika nchi ya Walendu-Pitsi, wilaya ya Djugu. Hapo yu juu ya bahari yapata meta 2,000, na asubuhi hujuta kuacha koti nyumbani.

Wasomaji wapenzi, juma hili twataka kuitazama nchi hiyo ya mlimani, maana ina somo kwa kila nyumba ya Kikristo.

Mgongo wa maji

Upande wa mashariki vilima hivi hukatika ghafula. Kutoka ukingoni ardhi yashuka zaidi ya meta 1,000 hadi Ziwa Albert. Mwingereza Samuel Baker alipofika ng'ambo, upande wa Uganda, tarehe 14 Machi 1864, aliiona milima ya magharibi ikisimama kama ukuta nyuma ya maji, na rangi yake kwa mbali ni buluu. Hata leo yaitwa Milima ya Buluu.

Juu ya milima hii Mwumba ameweka mpaka wa ajabu. Mvua iangukayo mteremko wa mashariki hushuka ziwani, huingia mto Nili, ikavuka Sudani na Misri mpaka Bahari ya Mediterania. Iangukayo mteremko wa magharibi huuendea mto Ituri, kisha Aruwimi, kisha Kongo, hata Bahari ya Atlantiki. Wingu ni moja, na mlima ni mmoja. Maji yakiisha kuachana hayaonani tena.

Wenyeji wa kale

Walendu ni wakulima wa tangu zamani katika vilima hivi. Waokebo, waitwao pia Wandu, walikuwa mabingwa wa chuma: waliyeyusha mawe katika tanuru kwa mivukuto, wakafua majembe na mikuki iliyotumiwa na makabila yote ya jirani. Kuelekea Mahagi wakaa Waalur, ambao watemi wao walisifiwa kuwa na nguvu juu ya mvua. Mtaalamu Aidan Southall, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alieleza kwamba mara nyingi Walendu na Waokebo wenyewe waliwaomba Waalur wawape mwana wa mtemi aje kukaa kwao, awaamulie magomvi.

Wahema nao walikuja na ng'ombe wao. Wale wa kaskazini, waitwao Wagegere, walikaa na Walendu muda mrefu hata wakaiacha lugha ya babu zao. Mpaka leo husema Kilendu. Hebu tufikiri: lugha ya mama hailetwi kwa amri. Huletwa na ndoa, na soko, na watoto wachezao pamoja jioni.

Dhahabu, viazi na Misioni

Mwaka 1903 dhahabu ilivumbuliwa upande wa Kilo, na mwaka 1926 kukaundwa kampuni ya Kilo-Moto. Wafanyakazi wa machimbo hawana budi kula; basi nchi ya juu ikawa ghala yao. Udongo wa mlimani huzaa maharagwe, mahindi, kabichi na viazi ulaya. Wabelgiji walipounda taasisi yao ya uchunguzi wa kilimo, INEAC, mwaka 1933, Nioka pakawa kimoja cha vituo vyake, nao wakajaribu huko mbegu na mifugo ifaayo nchi ya baridi.

Kanisa nalo lilikua. Mwaka 1922 Roma iliitenga nchi hii iwe Prefektura ya Ziwa Albert, chini ya Mapadre Weupe. Mwaka 1933 ikawa Vikarieti, na mwaka 1959 Jimbo la Bunia. Mwaka 1962 Mahagi ikawa jimbo la peke yake. Karibu na Kpandroma, huko Rethy, jirani zetu Waprotestanti wa Africa Inland Mission walijenga shule na hospitali, ambako wagonjwa wa kila dini walitibiwa.

Mpaka uliomwaga damu

Lakini wakati huohuo walowezi walijipatia mashamba makubwa na malisho mapana vilimani. Walipoondoka, ardhi ile haikuwarudia wote sawasawa. Sheria ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali, na kwamba hati iliyoandikwa, isipopingwa katika miaka 2, haipingiki tena. Aliyekuwa na elimu na rafiki mjini alipata karatasi; mkulima asiyejua kusoma aliendelea kupanda viazi vyake bila kujua kwamba shamba limekwisha kuwa la mwingine. Wahema walikuwa wamesoma zaidi, na wengi wa wenye hati walitoka kwao. Hivyo ugomvi wa shamba ukavaa nguo ya kabila.

Mwaka 1999 moto uliwaka, na chanzo chake kilikuwa mipaka ya mashamba ya namna hiyo hapa hapa Walendu-Pitsi. Hadi mwaka 2003 maelfu na maelfu ya watu walikuwa wamekufa katika Ituri, Walendu kwa Wahema, na watoto wamepewa bunduki. Mwishoni mwa mwaka 2017 vita viliwaka tena wilayani Djugu. Mwanzoni mwa mwaka 2018 makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kukimbilia Uganda. Waliouana walikuwa wakisalimiana kwa lugha moja.

Somo la mteremko

Yeyote aliyelima mlimani ajua jambo hili: maji ya mvua hayasomi hati. Aliye juu asipochimba mfereji wa kukinga maji na kupanda majani kingoni, udongo wa jirani wa chini huchukuliwa. Wa chini akikata miti yote, mmomonyoko hupanda polepole mpaka kwa yule wa juu. Hakuna awezaye kuliponya shamba lake peke yake. Mlima ama hutunzwa na wote, ama hupotea kwa wote.

Basi, akina baba, mpaka wa shamba na upitiwe kwa miguu na majirani wote wawili, wazee wakishuhudia na watoto wakitazama, kabla ya kwenda kwa karani. Aliyesoma amsomee asiyesoma, bila kumficha neno. Nanyi akina mama, mnenapo jioni jikoni juu ya jirani, mjue kwamba wadogo wanasikia. Mtoto aliyefundishwa jina la kabila kabla ya jina la mtu amekwisha kupewa silaha ya kwanza.

Maji ya Milima ya Buluu yakiachana hayana njia ya kurudiana. Sisi wanadamu tunayo. Ni njia ya mtu kuvuka mpaka wa shamba lake na kupiga hodi kwa jirani.